Nani Alibeba Mizigo?

Vitabu vya vita havikosi wasomaji. Katika kila zama na kila lugha watu wamependa kusimuliwa mapigano, hata wale wasioweza kutazama kuku akichinjwa. Kiswahili nacho kimo katika desturi hiyo tangu zamani. Utenzi wa Tambuka, ulio miongoni mwa maandishi ya kale ya lugha yetu yaliyosalia, uliandikwa Pate mwaka 1728, nao wasimulia vita vya Waarabu na Warumi wa Mashariki. Hemedi bin Abdallah, mtu wa upande wa Tanga, alitunga habari za Wadachi walivyotamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga habari za Vita vya Maji Maji, na utenzi wake ukachapishwa kwa wasomaji wa mbali mwaka 1957. Shaaban Robert aliviandikia utenzi mrefu vita vya 1939 hadi 1945, nao ukatoka kitabuni mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kijana wa leo akiniambia kwamba apenda riwaya za vita na sinema za vita, sioni sababu ya kumkunjia uso. Mapenzi hayo ameyarithi.

Kazi yangu ni kufundisha fasihi ya Kiswahili. Kila mwaka, muhula ukikaribia kwisha, wanafunzi wawili watatu huja ofisini kwangu kuniomba orodha: riwaya gani zafaa kusomwa wakati wa likizo, vitabu gani vya historia ya vita, na sinema gani zilizotolewa katika vitabu hivyo. Orodha huwapa. Lakini nimeona kwamba orodha pasipo swali ni kama kikapu kisicho na mikono: vitu vimo ndani, ila hakibebeki. Basi pamoja na orodha huwapa swali moja, wawe nalo katika kila kitabu watakachofungua na kila sinema watakayoitazama. Swali hilo sikulipata chuoni. Nililipata Mawengi, kwa mwanamke ambaye hakujua kusoma.

Mawengi ni kwetu. Iko katika wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, katika nchi ya Wapangwa. Milima ya huko Wazungu waliipa jina la Livingstone, na upande wa pili wa milima, chini sana, liko Ziwa Nyasa. Ni nchi ya baridi. Katika miezi ya Juni na Julai ukungu hukaa mabondeni hata jua lipande sana, na watu huota moto asubuhi kama waotavyo usiku. Jikoni mwa bibi yangu, mzaa baba, ndimo nilimosomea vitabu vyangu vya kwanza ambavyo havikuwa vya shule, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na joto na mwanga.

Vitabu hivyo vilikuwa vikipita mkono kwa mkono. Kimoja kilikuwa Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1974, chenye habari za mpelelezi Willy Gamba anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Kilipofika kwangu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakikuwa na jalada, wala kurasa zake za mwisho hazikuwapo. Mwalimu wetu mmoja aliviita vitabu vya namna hiyo vitabu vya wahuni, na kwa sababu hiyo nilivificha chini ya gunia la maharage. Bibi aliliona gunia limepanda juu, akataka kujua limemeza nini. Sikuwa na la kufanya ila kumsimulia. Tangu siku hiyo, kila jioni, nilisoma sura moja kwa Kiswahili kimoyomoyo, kisha nikamtolea kwa Kipangwa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya tafsiri, na sijapata tena msikilizaji mkali kama yule.

Alimpenda Willy Gamba. Alimcheka, alimwonea huruma, alimlaumu kwa wanawake wake. Siku moja nilikuwa nasimulia jinsi shujaa huyo alivyopanda ndege, akashuka, akaingia hotelini, akapigana, akatoka salama, bibi akanikatiza. "Mume wangu," aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "mtu huyu mizigo yake nani anambebea?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba mtu wa namna hiyo ana gari, na mkoba wake ni mdogo. Hakucheka nami. "Hakuna mtu aendaye vitani bila mtu wa kumbebea mizigo," alisema. Akasukuma kuni motoni, akakaa kimya kitambo, kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa sijalisikia.

Baba yake alichukuliwa yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake. Walikuja watu wenye bunduki wakati wa kupalilia, wakawakusanya wanaume walioonekana na nguvu, wakawafunga kamba, wakaondoka nao. Kila mmoja alitwishwa mzigo mlangoni pake mwenyewe, na mizigo ya kwanza ilikuwa ni nafaka iliyotolewa katika maghala yao wenyewe. Nilimwuliza kama watu wale walikuwa wa Mdachi au wa Mwingereza. "Mama yangu hakujua," alijibu. "Waliokuja walikuwa weusi kama sisi." Baba yake hakurudi. Hakuletwa mtu wa kusema amekufa, wala halikufanywa tanga, maana hakuna afanyaye tanga la mtu aliye safarini. Mama yake alikaa miaka mingi akisema mumewe yuko njiani.

Akaniangalia, akakionyesha kidole kile kitabu kisicho na jalada. "Wewe wajua kusoma," alisema. "Katika vitabu vyako hivyo, baba yangu yumo?"

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Nilimjibu kwamba nitatafuta. Bibi alifariki mwaka 1996, na mpaka hapo sikuwa nimetafuta.

Nilipokuwa mtu mzima nilianza kuelewa kilichotukia, kwa msaada wa vitabu vya historia. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia havikuwa habari ya mbali kwa watu wa Njombe. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Jenerali Edward Northey, lilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likaitwaa nchi ya Tukuyu, kisha Njombe, na mwisho wa Agosti likaingia Iringa. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Oktoba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Wadachi alirudi kutoka Msumbiji akapita Songea na nchi ya Ubena, akawaacha huko wagonjwa na majeruhi wake, akaendelea na safari mpaka Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Hivyo nchi yetu ilikanyagwa na wote wawili, tena na watu waliokuwa bado hawajapona majeraha ya kwanza. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu Vita vya Maji Maji, ambavyo Wapangwa na Wabena walishiriki, na ambavyo Wadachi walivimaliza kwa kuchoma mashamba na maghala hata njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mtu aliyekuwa na nguvu za kubeba mzigo mwaka 1916 alikuwa mtoto wa njaa ile.

Kwa nini walihitajiwa wapagazi wengi namna ile? Jibu lake ni hesabu. Barabara zilikuwa chache. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Lakini mwanadamu hula. Tuseme mtu amebeba kilo 25 za unga, naye ahitaji kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na mbili na kurudi siku kumi na mbili, amekwisha kula karibu mzigo wote aliopewa, na askari aliye mbele hakupata kitu. Basi yampasa apunguziwe chakula, au waongezwe watu juu ya watu wa kubeba chakula cha wabebaji. Yote mawili yalifanyika. Waingereza peke yao, katika vita vya Afrika Mashariki, walitumia wapagazi na vibarua wapatao milioni moja, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa katika hao walizidi 90,000. Wengi hawakuuawa na bunduki, ila na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wadachi, hasa mwishoni mwa vita, aghalabu hawakuwaandika hata majina watu waliowachukua. Geoffrey Hodges alichapa kitabu kizima juu ya wapagazi hao mwaka 1986, nacho ni cha kwanza katika orodha yangu ya vitabu vya historia. Mkazi wa Dar es Salaam asiyekijua kitabu hicho analijua jina lao hata hivyo, maana kila siku analitamka akienda sokoni: Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza, lililotiwa sauti ya Kiswahili.

Sasa nirudi kwenye riwaya na sinema, kwani hapo ndipo swali la bibi liliponishika shingo.

Nilikuwa ng'ambo nikisomea shahada yangu ya uzamivu. Jioni moja wanafunzi wenzangu walialikana kutazama sinema ya zamani, The African Queen, iliyotengenezwa na John Huston mwaka 1951 kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn ndio wachezaji wakuu. Sinema ni nzuri, sitaki kuinyima haki yake. Nahodha mlevi na mwanamke wa misheni wanateremka mto katika mashua mbovu ili kwenda kuizamisha manowari ya Wadachi ziwani. Wanagombana, wanapendana, wanaumwa na ruba, na mtazamaji hacheki nusu. Mto wenyewe mwandishi kauita Ulanga, jina ambalo mtoto wa nyanda zetu hawezi kulisikia bila kuinua kichwa.

Nilicheka pamoja na wenzangu. Kisha nikakumbuka mwanzo wa sinema. Wadachi wanafika misheni, wanakichoma kijiji, wanawakusanya watu wote na kuwachukua. Katika riwaya ni vivyo hivyo: katika kurasa za mwanzo twaambiwa kwamba wanakijiji wamekwisha zolewa na jeshi ili wakawe wapagazi na askari, na misheni imebaki tupu. Hadithi inaanza pale watu wale wanapoondoka. Hawarudi tena, si katika riwaya wala katika sinema, na hakuna mtu anayeuliza walikokwenda. Nilitoka nje, baridi ilikuwa kama ya Mawengi, nikasimama peke yangu. Bibi alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka kumi. Nilikuwa nimemkuta baba yake. Yumo katika kurasa za mwanzo, amefungwa kamba, anaondoka.

Tangu siku hiyo nimeisoma habari ya manowari ile kwa makini kuliko inavyostahili, na huwapa wanafunzi wangu kama mfano wa jinsi hadithi moja ibadilikavyo mikononi mwa watu watatu. Katika riwaya ya Forester, mashua ya mashujaa inazama katika dhoruba kabla ya kufika, nao wanakamatwa. Manowari inakuja kuzamishwa na mashua za vita za Waingereza. Katika sinema ya Huston, mashua iliyozama yaibuka na mabomu yake, manowari yaigonga, yalipuka, na mashujaa waogelea wakiimba. Watu waliolipa kiingilio hawakutaka kurudi nyumbani na huzuni. Katika historia mambo yalikuwa mengine kabisa. Meli iliyompa Forester wazo lake iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikavunjwavunjwa ikatiwa masandukuni, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, na kisha kwa kuzikokota msituni katika Kongo, ambako mamia ya watu walikata miti na kujenga madaraja ili mashua zipite nchi kavu. Lakini Graf von Götzen haikuzamishwa na mashua hizo. Wadachi wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916 walipokuwa wakikimbia Kigoma, baada ya kuipaka mafuta mitambo yake isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi.

Huo ni mwisho wa namna tatu kwa meli moja. Sidai kwamba riwaya imekosa kwa kuiacha historia, au sinema kwa kuiacha riwaya. Mimi mwenyewe nilimtungia bibi mwisho wa Kufa na Kupona kwa kuwa kurasa zilikuwa zimechanika, na kila jioni aliyotaka kuusikia tena niliubadili kidogo. Mwandishi ana ruhusa hiyo. Ninalowaambia wanafunzi ni kwamba katika mabadiliko yote matatu jambo moja halikubadilika: aliyebeba masanduku ya meli, na aliyekata mti wa daraja, na aliyechukuliwa misheni siku ya kwanza, hakupewa jina na yeyote.

Hata ziwa letu la Nyasa lina kichekesho chake. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliifuata meli ya Wadachi Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa ufukoni ikitengenezwa mahali walipopaita Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, ikaipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Wadachi, ambaye alikuwa rafiki wa Rhoades katika kunywa, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza, akatoka kwa hasira kumwuliza mwenzake kama amelewa. Habari hii imo karibu katika kila kitabu cha vita hivi, nami huisimulia darasani, na wanafunzi hucheka. Kisha huwauliza: kuni za kuendeshea meli ya Guendolen zilikatwa na nani? Darasa hunyamaza, kwa kuwa hakuna kitabu walichosoma kinachosema.

Yuko mtu mmoja ambaye habari zake hunigusa zaidi, pengine kwa sababu alifanya kazi kama yangu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baadaye alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wadachi. Vita vilipoanza, mtoto mwenyewe, akiwa na miaka kumi, aliingizwa jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ya jeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Madai yake yakakataliwa. Alikaa huko, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, akacheza sehemu ndogo ndogo katika sinema nyingi za Kijerumani, mojawapo ikiwa ile ya mwaka 1941 ya kumsifu Carl Peters, mtu aliyeitwaa nchi yetu kwa mikataba ya hila. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa ajili ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2013 mtengenezaji sinema Eva Knopf alitoa sinema ya maisha yake, Majubs Reise. Alivichukua vipande vya sinema zile za kale ambamo Husen husimama nyuma ya wakubwa, akamfanya mtu wa nyuma kuwa mtu wa katikati. Sinema hiyo huitaja kila mwaka, maana yaonyesha kwamba hata picha iliyotengenezwa ili kumdharau mtu yaweza, ikiangaliwa na jicho lingine, kumshuhudia.

Katika riwaya, kazi ya namna hiyo imefanywa na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inakwisha pale kijana Yusuf anapowafuata askari wa Wadachi mwanzoni mwa vita. Nilipoifunga mara ya kwanza nilibaki na kiu: huko alikokwenda, alipatwa na nini? Afterlives, iliyotoka mwaka 2020, ni kama jibu la mbali la swali hilo, ingawa watu wake ni wengine. Humo Hamza anaingia jeshini kwa hiari yake, anapigana na kuumizwa, anarudi mjini pwani akiwa na maumivu asiyoweza kuyaeleza, na polepole anajifunza kuishi. Wapagazi wamo katika safari zile, wanaonekana wakianguka. Msomaji atakapofika mwisho wa kitabu atamkumbuka pia mtu wa Sachsenhausen.

Riwaya hii inanikumbusha jambo ambalo bibi alilisema na ambalo nilikuwa nimelipita haraka: waliokuja walikuwa weusi kama sisi. Ni rahisi kuandika hadithi ambayo Mdachi na Mwingereza ndio waovu na sisi sote ndio tuliobeba. Lakini aliyeishika kamba alikuwa mtoto wa mama fulani wa nchi hizi, na katika vijiji vyetu wapo wajukuu wa aliyefungwa na wajukuu wa aliyefunga, nao wanaozana. Kitabu cha vita kinachokwepa jambo hili hukiacha katika orodha, lakini hukiwekea alama.

Na sinema zetu wenyewe? Wanafunzi husema kwamba hatuna uwezo. Huwaonyesha Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 juu ya mapenzi na harakati za kisiasa katika Zanzibar ya ukoloni, ambayo Amil Shivji aliitengenezea sinema iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Mabunduki na manowari hazikuhitajika. Zilihitajika nyuso, vichochoro, na lugha yenyewe isemwe kama watu waisemavyo. Aliyeweza hilo kwa mapambano ya Unguja aweza mwingine kulifanya kwa wapagazi wa Njombe. Tena vitabu vya kuanzia vipo. Kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, zilizohaririwa na Gwassa na Iliffe, zilichapwa katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika maneno ya wazee waliovikumbuka vita hivyo. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake Kinjeketile. Vitabu hivyo vilipatikana kwa sababu watu wa chuo walikubali kukaa chini na kuwasikiliza wazee kabla hawajaondoka.

Mimi sikukaa. Hili ndilo nataka kulikiri hapa. Nawajua watu wote wa riwaya ya Forester kwa majina. Namjua nahodha wa Guendolen. Najua hata majina ya mashua mbili zilizokokotwa katika Kongo. Lakini jina la baba yake bibi yangu sikulijua. Bibi, kwa heshima, hakupata kulitamka. Alimwita baba siku zote, nami sikumwuliza. Miaka michache iliyopita nilikwenda Mawengi kwa ajili ya jambo hilo tu. Nilikaa na wazee wawili wa ukoo, kila mmoja kwake, tukanywa ulanzi, tukazungumza. Walinipa majina mawili tofauti. Mzee wa kwanza alikuwa na yakini. Wa pili pia alikuwa na yakini. Wa tatu, ambaye wote wawili walisema ndiye ajuaye, alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla. Niliyaandika majina yote mawili katika daftari, pamoja na tarehe, na sitayachapa hapa, kwa kuwa ni mali ya ukoo wetu mpaka tutakapokubaliana.

Kwa hiyo sasa orodha yangu ina pande mbili. Upande wa mbele zimo riwaya, historia na sinema nilizozitaja, na nyingine ambazo sikuzitaja. Willy Gamba yumo, hajafichwa tena chini ya gunia. Upande wa nyuma nimeliandika swali la bibi, nani alibeba mizigo, na chini yake mistari mitupu. Huwaomba wanafunzi wasome upande wa mbele wakiwa njiani kwenda kwao, na wajaze upande wa nyuma wakifika. Wengi hunirudishia karatasi ikiwa tupu, wakiona haya. Mwaka jana moja ilirudi ikiwa na majina kumi na moja, yameandikwa kwa kalamu ya risasi, na mbele ya kila jina limewekwa jina la kijiji.

Sikuwa nimepata kulisoma hata moja la majina hayo katika kitabu chochote.